Mimea yangu yote imekufa, na mama anaangalia

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu bila kuandika, maana kila nikisoma ya wenzangu naona langu ni dogo. Langu ni la vyungu. Lakini wiki iliyopita nilijifungia bafuni nikalia kwa sababu ya miche ya nyanya, na nilipotoka nikajua hapa kuna jambo zaidi ya nyanya.

Nina miaka 38. Tunaishi ghorofa ya tatu, mimi, mume wangu na watoto wawili, na tangu mwaka jana mama yangu mzazi yuko nasi. Mama ana miaka 71 na maisha yake yote amekuwa mkulima. Ada zetu zote zilitoka kwenye jembe lake. Mwaka jana aliteleza akavunjika nyonga, akapasuliwa, na ingawa amepona anatembea kwa fimbo na hawezi tena kukaa peke yake. Shamba analiangalia mtu mwingine. Yeye kutwa yuko kwenye kiti karibu na mlango wa roshani, uso nje, na huko nje hakuna cha kutazama ila ukuta wa jengo la pili na nguo zetu kwenye kamba.

Nikasema nitamtengenezea bustani. Lakini sitaki kukudanganya Shangazi, haikuwa kwa ajili yake tu. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa vitabu. Wenzangu wakishika majembe, mama aliniambia, "Wewe baki usome." Nikasoma, nikapata kazi, na leo nina umri huu sijawahi kupanda hata mbegu moja ikafika mahali. Nilitaka siku moja aamke aone kitu kibichi nilicholea mimi mwenyewe, bila yeye kunielekeza.

Basi nikanunua vyungu vinane kwa siku moja, vile vya kauri vinavyong'aa. Nikanunua miche ya nyanya, pilipili hoho, rehani na nanaa, na pakiti ya mbegu za saladi. Udongo nilichota kwenye kiwanja nyuma ya jengo, nikapanda nao ngazi ndoo kwa ndoo. Vyungu havikuwa na matundu, kwa hiyo nilitandika kokoto chini ili maji yapate pa kwenda. Mama alikuwa ananitazama tu. Nilipomaliza ndipo akasema, "Udongo wa kwenye chungu si ardhi." Akageuza uso. Kauli hiyo imenikaa kifuani mpaka leo.

Nilimwagilia asubuhi na jioni, sikukosa hata siku moja. Wiki ya pili majani ya nyanya yakaanza kuwa ya njano na kulegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Saladi iliota vizuri, myembamba kama nyuzi, halafu asubuhi moja nikaikuta yote imelala, vishina vimesinyaa pale pale vinapotokea udongoni. Nyanya zikafa, hoho zikafa, rehani ikawa nyeusi. Nilipopindua chungu kimoja kwenye karai, kilichotoka kilinuka kama mtaro. Nilingoja mama alale, nikabeba vyote usiku nikavimwaga jalalani ili asione. Imebaki nanaa peke yake, na sijui imeponaje.

Isitoshe, siku moja maji yalifurika kwenye chungu cha ukingoni yakamdondokea jirani wa chini kwenye mashuka yake meupe. Alipanda juu na shuka mkononi. Nilimwomba radhi nikamfulia, lakini tangu hapo salamu yake imekuwa fupi. Na mume wangu, ambaye kwa kweli ni mtu mpole, aliniambia, "Umejaribu mke wangu, inatosha." Jioni hupenda kukaa pale roshani, na vyungu vilikuwa vimemnyima nafasi ya kiti.

Juzi asubuhi nilimkuta mama amesimama roshani, fimbo mkono mmoja, amejiinamia kwenye chungu cha nanaa, kidole kimezama udongoni. Aliponiona alikitoa akakifuta kwenye nguo. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Shangazi, nianze tena au niache? Na nikianza, nimwombe mama anisaidie? Nikimwomba najua mimea itapona, lakini bustani itakuwa yake na mimi nitarudi kuwa yule mtoto asiyejua. Nisipomwomba, naogopa kuua mingine mbele ya macho yake.

Mtoto wa Vitabu


Marahaba mwanangu,

Umefanya vizuri kuandika, na usiseme langu ni dogo. Ninavyoisoma barua yako, umeniletea maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. Kuna la mimea: imekufa kwa nini, na je, inaweza kuishi pale ulipo? Na kuna la mama: unataka akuone, na unaogopa atakachokiona. Yakiendelea kufungana hivi, kila jani la njano litakuwa hukumu juu yako kama binti. Naomba tuyafungue, tuanze na la mimea kwa sababu hilo lina majibu.

Unaandika kama mtu aliyezaliwa bila mkono wa kupanda. Kabla hujalikubali hilo, tazama ulichokiona kwenye karai. Ile harufu ya mtaro ni ya udongo uliokosa hewa. Mizizi inapumua, mwanangu. Katikati ya chembe za udongo kuna vijinafasi, na humo ndimo hewa inamokaa. Maji yakivijaza vyote na yasipate pa kutokea, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya hata maji yanayouzunguka, kwa hiyo majani juu yanalegea na kuwa ya njano, sawasawa na mmea wenye kiu. Hapo ndipo wanaoanza karibu wote wanaponaswa. Unaona kiu, unaongeza maji, kumbe unazidi kuuzamisha. Mimea yako haikufa kwa kusahauliwa. Uliihudumia mara mbili kwa siku bila kukosa, na ndiyo maana nasita sana kukuita mtu asiye na mkono wa kupanda.

Zile kokoto nazo hazikukusaidia, ingawa wengi tumefundishwa hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe makubwa. Hushikwa na udongo ule wa juu mpaka ushibe kabisa. Ulichofanya ni kupunguza kina cha chungu, na lile tope ukalisogeza karibu na mizizi. Chini penyewe hapakuwa na tundu, basi lililoingia halikutoka isipokuwa kwa kufurika juu ya mashuka ya jirani.

Sasa turudi kwenye kauli ya mama iliyokukaa kifuani. "Udongo wa kwenye chungu si ardhi." Uliipokea kama dharau, na inawezekana ilikuwa na uchungu ndani yake. Mtu aliyeacha shamba lake akaona binti yake anajaza udongo kwenye kauri, anaweza kusema neno ambalo kwa kweli anajiambia mwenyewe. Lakini hebu ichukue kwa maana yake ya wazi, kama maneno ya mkulima. Ni kweli tupu. Shambani maji yakizidi yanashuka chini, minyoo na mizizi ya zamani imetoboa njia, na mmea ukikosa kitu hapa unautuma mzizi mbele kukitafuta. Kwenye chungu hakuna mbele. Udongo ule ule uliokuwa mzuri kiwanjani, ukiushindilia chunguni na kuumwagilia kila siku unakaza kama tofali. Ndiyo maana wanaolima vyunguni hutumia mchanganyiko mwepesi: mboji iliyoiva vizuri, pamoja na kitu cha kuulegeza kama vumbi la makumbi ya nazi. Sijui mama alikusudia lipi kati ya hayo. Nawe pia hujui, maana hukumuuliza.

Saladi iliyolala asubuhi moja ina jina, wakulima wanaiita kinyaushi. Ni vimelea vya udongoni vinavyokata kishina cha mche mchanga pale pale juu ya udongo, hasa penye maji mengi na miche iliyobanana. Hupiga hata vitalu vya watu waliozoea. Mbegu ungezitia kwenye mchanganyiko mpya na safi, ukazipanda mbalimbali, ukaacha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Udongo ule wa zamani usiurudishe kwa miche midogo.

Na nanaa yako haikupona kwa bahati. Nanaa hustahimili unyevu kuliko rehani au hoho. Inakuambia mambo mawili: kwamba tatizo lilikuwa maji, na kwamba roshani yako ina mwanga wa kutosha kulea angalau kitu kimoja. Iache peke yake chunguni, ila ihamishie kwenye chenye matundu. Ukiipanda na wengine itawasonga.

Hapo nimemaliza kukutetea mbele yako mwenyewe. La pili ni gumu zaidi.

Umeandika kwamba ulimwaga miche usiku ili mama asione. Halafu ukaandika kwamba ulimkuta mama asubuhi kidole kiko udongoni, na alipokuona akakitoa. Nilipofika hapo nilisimama. Mama na mwana, kila mmoja anakwenda roshani wakati mwenzake haangalii. Wewe unaficha usichokijua, na yeye, pengine, anaficha anachokijua. Kidole kile mwanangu ndicho kipimo cha maji. Unakizamisha mpaka kiungo cha pili, ukisikia ubichi unaacha, ukisikia ukavu unamwagilia mpaka maji yatokee chini. Hakuna ratiba ya asubuhi na jioni inayokishinda. Mama yako alisimama kwa mguu ulioshonwa ili kukipima chungu ambacho hakikumhusu. Mimi sioni hapo mtu anayesubiri ushindwe. Lakini mimi niko mbali, wewe ndiye unayemjua.

Kuna jambo jingine ningependa ulifikirie taratibu. Unasema mama alikuambia baki usome, na sauti yako ni ya mtu aliyetengwa. Je, kwake ilikuwa kukutenga? Mzazi anayelima jua kali akamwambia mtoto mmoja abaki kivulini, huenda alikuwa anakupa kitu ambacho yeye hakukipata. Na huenda pia alikosea, akakunyima kitu bila kujua. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa siku moja.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, ila nitakuambia ninachokiona kwenye kila moja.

Unaweza kupumzika kwanza. Si kuacha, kupumzika. Kwa wiki mbili tatu usipande kitu, angalia jua tu. Saa ngapi linaingia, linafika wapi sakafuni, linatoka saa ngapi. Weka alama ya chaki. Ukuta wa jengo la pili, sakafu ya roshani ya juu yenu, hata kingo zenu wenyewe zinakata mwanga kuliko mtu anavyodhani, na jua hubadili njia kadiri mwaka unavyokwenda. Nyanya na hoho zinataka jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi kwa siku. Mboga za majani zinaweza kuridhika na saa 3 au 4. Kama roshani yako inapata saa 4, basi nyanya zingekusumbua hata ungemwagilia kwa hekima. Hatari ya njia hii ni kwamba kupumzika huzoeleka, na mama anabaki anatazama ukuta.

Unaweza kuanza peke yako, kidogo sana. Vyungu viwili, si vinane. Mkononi mwa anayeanza, vinane ni vinane vya kuhangaikia, na kila mmea una shida yake. Ningekuwa wewe ningeanza na vitunguu vya majani. Chukua vile vyenye mizizi, tumia majani, kipande cha chini chenye mizizi ukichomeke udongoni, ndani ya siku chache utaona ncha ya kijani inachomoza katikati. Nimeona watu wazima wakiita nyumba nzima kuja kuitazama ncha hiyo. Kingine ni figili ndogo, ambazo zikipata jua huwa tayari kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo hazikungojeshi hadi moyo ukate tamaa. Nyanya zije baadaye, kwenye ndoo ya lita 20 hivi, si kwenye kauri ya mapambo. Na vyombo vyote viwe na matundu. Ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini inaishinda kauri yako yote kwa kazi hii. Ikipita miezi miwili mitatu utahitaji kuongeza mboji au mbolea kidogo kwa sababu kila ukimwagilia chakula kinatoka na maji, ila samadi mbichi usiitie, inaunguza.

Hatari ya njia hii unaijua. Kitu kitakufa. Hata wenye uzoefu hufiwa na miche, na roshani ina upepo unaokausha majani kuliko bustani ya chini. Swali ni kama kikifa utaweza kukiacha pale mchana kweupe, mama akakiona, na nyote wawili mkabaki wazima.

Njia ya tatu ni kumshirikisha mama, nayo umeiogopa kwa sababu ya haki. Hofu yako siidharau. Mtu aliyezoea kuongoza shamba hawezi kushika chungu bila kushika na cha jirani yake. Lakini wewe umeona milango miwili tu, anisaidie au asijue. Je, akiwa na chombo chake? Kimoja, juu ya meza imara inayofika kiunoni pake akiwa ameketi, asiiname. Na wewe na viwili vyako. Kila mtu kidole chake. Kumbuka pia kwamba yeye ni bingwa wa shamba, si wa chungu. Amekuambia mwenyewe kwamba si kitu kimoja. Huenda naye ataua kitu. Ninaona mngeweza kuwa wanafunzi wawili hapo, ingawa sikuahidi.

Katika njia hiyo hatari zake ni za mwili kuliko za moyo. Sakafu iliyolowa na nyonga iliyovunjika havikai pamoja. Kama mama ataingia roshani, maji yote yapanguswe papo hapo, njia ya fimbo yake ibaki wazi, na asinyanyue chombo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kupita kilo 30. Na uzito huo huo unaihusu roshani yenyewe. Kabla hujaongeza vyombo vikubwa muulize mwenye nyumba inabeba kiasi gani, uvipange karibu na ukuta badala ya kuvirundika ukingoni, na kisiwepo chungu juu ya kingo kinachoweza kumwangukia mtu. Na kuna uwezekano mwingine wa kawaida kabisa, kwamba mama atasema hapana. Huenda roshani inamkumbusha kile alichokipoteza, akapenda kutazama tu. Hilo pia ni jibu la kuheshimu.

Kwa jirani, usingoje mpaka uanze. Weka visahani chini ya kila chungu, mwagilia taratibu, kisha nusu saa baadaye mwaga kilichobaki kwenye kisahani. Maji yakisimama hapo kwa wiki moja hivi penye joto mbu wanakuwa wametoka. Ukimweleza jirani kwamba umeliona kosa na umeweka visahani, pengine salamu itarefuka, pengine haitarefuka. Na mumeo, nilivyomsikia kupitia kwako, hakusema anachukia mimea. Nafasi ya kiti chake ilikuwa imekwenda. Pimeni pamoja kabla ya kununua chochote: kiti kikae wapi, kamba ya nguo ipite wapi, kinachobaki ndicho cha bustani. Kama kinachobaki ni cha vyombo vitatu, basi ni vitatu.

Kuhusu kumwomba mama, neno "nisaidie" ndilo linalokukwama, na sioni sababu ya kuanza nalo. Una swali dogo zaidi, tena unalo tangu juzi. Mkute pale kwenye kiti chake, nanaa iko hapo, muulize, "Mama, juzi ulipotia kidole humu, ulisikia nini?" Halafu nyamaza. Anaweza kukujibu neno moja tu, "Maji." Tia na wewe kidole chako pale pale alipotia yeye, usikie.

Shangazi